Yatokanayo Yapo?

“Yatokanayo yapo?”

Mwenyekiti aliuliza hivyo, yaani kama kuna la kufuatilia kutoka kikao kilichopita, huku kidole chake kimeshafika kwenye ajenda inayofuata. Mjumbe mmoja akasema hayapo, mwingine akaitikia “tuendelee,” tukaendelea. Kilikuwa kikao changu cha kwanza kwenye bodi ya shule, mwaka 2019, tumebanana ofisini kwa mkuu wa shule kwa sababu madarasa yote yalikuwa na watoto. Nilipewa kiti cha dirishani. Kutoka pale niliviona vyoo vya wasichana: mlango mmoja umefungwa kwa waya, mwingine hauna kitasa, una kipande cha khanga kilichopigwa fundo. Na kwenye muhtasari ambao tulikuwa tumeuthibitisha muda huohuo kwa kunyoosha mikono, kulikuwa na mstari unaosema: “Bodi iliazimia ukarabati wa vyoo vya wasichana ufanyike haraka iwezekanavyo.”

Sikusema kitu. Nilikuwa mgeni, kitenge changu kipya bado kinanuka pasi, na kila mtu pale alionekana anajua anachofanya.

Kazi yangu ni cherehani. Nashona sare, na msimu wa harusi nashona kila kitu. Shule yenyewe ni ya kata, ya kutwa, pembezoni mwa Morogoro, moja ya zile zilizoota kama uyoga baada ya mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari, MMES, kuanza mwaka 2004. Binti yangu alikuwa kidato cha pili. Barua ya uteuzi ilipokuja nilidhani wamekosea jina, maana wengine kwenye orodha walikuwa diwani, mchungaji, sheikh, mwalimu mstaafu na mzee mmoja aliyestaafu reli ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wetu. Barua ilitaja majukumu: kusimamia, kushauri, kupitisha bajeti, kufuatilia taaluma na nidhamu. Namna ya kusimamia haikutajwa. Semina tuliahidiwa. Naisubiri mpaka leo.

Sheria ya Elimu Na. 25 ya mwaka 1978 ndiyo msingi wa mpango huu. Shule ya msingi ina kamati, sekondari ina bodi, na mkuu wa shule ndiye katibu wa bodi. Hilo la ukatibu watu hulipita juu juu. Hebu litazame vizuri: unayemsimamia ndiye anayekuitia kikao, ndiye anayeandaa ajenda, ndiye anayeandika mlichosema, na miezi kadhaa baadaye ndiye anayewasomea mlichokubaliana. Sisemi ni mwizi. Mkuu wetu wa wakati ule alikuwa mtu wa kazi, anafika shuleni kabla ya watoto. Ila hata malaika, akipewa kalamu aandike mwenyewe makosa aliyoambiwa arekebishe, ataandika kwa wino mwepesi.

Kenya nao ni hivyohivyo. Kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 mkuu wa shule ndiye katibu, ingawa wenzetu wana kitu kimoja ninachokionea wivu: mwakilishi wa baraza la wanafunzi anaingia kwenye bodi. Wifi yangu aliyeolewa Voi anasema kwenye bodi yao yule mtoto ndiye pekee asiye na aibu ya kuuliza. Tungekuwa na msichana mmoja wa kidato cha tatu pale mezani, habari ya vyoo isingefika ilikofika.

Mimi macho nilifumbuliwa na kikoba.

Kila Alhamisi jioni tunakutana wanawake ishirini na watano, mikekani, nyuma ya duka la mwenzetu mmoja. Sanduku letu ni la bati, lina kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti. Anayelala na sanduku nyumbani kwake hana hata ufunguo mmoja. Kabla ya kufuli ya mwisho kufunguliwa, mwenyekiti anauliza: wiki iliyopita tuliacha shilingi ngapi? Tunajibu kwa pamoja, kwa kichwa, daftari likiwa bado limefungwa. Mfuko wa jamii uliachwa na ngapi? Tunajibu. Nani ana mkopo na anarejesha lini? Anatajwa yupo palepale, akiinamisha uso au akiuinua, kutegemea. Kisha sanduku linafunguliwa na pesa inahesabiwa mbele ya macho ya wote. Ikipungua mia tano, hakuna anayeinuka mpaka ijulikane ilikokwenda. Ikizidi, vilevile.

Wengi wetu pale tuliishia darasa la saba, na mmoja anasaini kwa dole gumba. Alhamisi moja, nikiwa nimetoka kwenye kikao changu cha pili cha bodi mchana wake, nilisikia sauti ishirini na tano zikitaja salio, nikashikwa na haya. Haya ndiyo yatokanayo. Tunayafanya kila wiki kwa sanduku lisilofika milioni moja, na kule kwenye shahada na tai tunayaruka kwa sekunde tatu.

Na pesa ya shule si ndogo, wala si siri. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, kiwango kilichowekwa cha ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa sekondari kilikuwa shilingi 25,000 kwa mwaka, nusu inabaki juu kwa ajili ya vitabu, nusu inateremka shuleni. Pembeni yake kuna fidia ya ada, shilingi 20,000 kwa mwanafunzi wa kutwa, mahali pa ile ada iliyofutwa. Sisi tulikuwa na wanafunzi 640. Zidisha: 12,500 mara 640 ni milioni 8. 20,000 mara 640 ni milioni 12 na laki 8. Jumla milioni 20 na laki 8 kwa mwaka. Nilipiga hesabu hiyo nyuma ya karatasi ya vipimo vya mteja, nikaikunja nikaitia kwenye pochi. Mjumbe mwenye karatasi ya namna hiyo akisomewa kwamba kwa nusu mwaka zimeingia milioni 7, anajua pa kuuliza. Mara nyingi jibu halina wizi ndani yake: pesa imechelewa, au idadi ya wanafunzi iliyotumika ni ya mwaka uliopita. Hapo bodi inageuka msaidizi. Barua inaandikwa kwa mkurugenzi wa halmashauri, ina sahihi ya mwenyekiti, na mkuu wa shule hasimami peke yake mbele ya wakubwa.

Lakini hesabu hiyo utaipigia wapi kama kabrasha unapewa mlangoni? Ilikuwa ndiyo desturi. Unaingia, unasaini mahudhurio, unapokea karatasi zikiwa bado za moto kutoka mashine ya kutoa kopi, na dakika ishirini baadaye mhasibu anasoma taarifa ya mapato na matumizi kwa kasi ya mtangazaji wa mpira. Kwenye mstari wa mwisho wa matumizi paliandikwa “mengineyo”, na pembeni yake tarakimu kubwa kuliko chaki na karatasi kwa pamoja. Tulipitisha. Kwa kauli moja!

Tuliomba kabrasha lije siku saba kabla. Tukapata tatu, kwa WhatsApp, picha za karatasi, moja ina kidole gumba cha karani kwenye safu ya jumla. Mwenyekiti wetu hakuwa na simu ya hivyo, ikabidi binti yangu apitie nakala stesheneri ampelekee mzee nyumbani. Nayasema haya kwa sababu watu wakisikia “utawala bora” wanafikiria mambo makubwa. Kwetu ulianza na nauli ya bodaboda.

Kikao cha tatu ndipo nilipofungua mdomo. Wiki moja kabla nilikwenda kwa karani nikaomba faili la mihtasari ya nyuma. Alilitafuta chini ya maboksi ya mitihani, akaniangalia kama mtu aliyeomba kaburi lifukuliwe. Nilikaa kwenye benchi la nje nikasoma. Vyoo vya wasichana vilikuwemo kwenye vikao vitano mfululizo. Cha kwanza: ukarabati ufanyike haraka. Cha pili: utekelezaji unaendelea. Cha tatu: mchakato upo katika hatua nzuri. Cha nne: suala linafanyiwa kazi. Cha tano, ambacho ndicho tulichokithibitisha siku yangu ya kwanza: ufanyike haraka iwezekanavyo, kana kwamba limezaliwa jana.

“Yatokanayo yapo?”

“Yapo, Mheshimiwa Mwenyekiti.”

Nikasoma ile mistari mitano kwa mpangilio, bila kuongeza neno. Mwalimu mstaafu alicheka kicheko kinachofanana na kikohozi. Mkuu wa shule hakucheka. Nikaongeza hesabu moja tu: mwongozo unataka tundu moja kwa wasichana 20, sisi tuna wasichana 312, yanayohitajika ni 16, na asubuhi ile nilikuwa nimezunguka nikakuta yanayotumika ni matano.

Mzee alinyamaza, kisha akasema kitu kuhusu reli. Treni ikichelewa, alisema, inaandikwa imechelewa kituo gani, dakika ngapi, na zamu ilikuwa ya nani. Akaomba rula. Palepale akachora jedwali la safu nne: tuliazimia nini, nani anafanya, mpaka lini, imefikia wapi. Katibu alipopendekeza kwenye safu ya pili paandikwe “uongozi wa shule”, mzee akakataa, akataka jina la mtu mwenye miguu.

Tangu siku hiyo nimeanza kuogopa vitenzi fulani. Kiswahili cha mihtasari kinapenda sana “ifanyike”, “ufuatiliwe”, “litekelezwe”. Sentensi ni safi, mwalimu wa lugha hawezi kukukosoa, lakini mtendaji hayumo. Kila ukiona azimio limeandikwa hivyo, jua kuna mtu ameokolewa, na mara nyingine aliyeokolewa ni bodi yenyewe.

Nisijisifu. Baada ya ule ushindi kichwa kilinivimba. Nikaanza kupita shuleni kati ya wiki, nachungulia madarasani nani anafundisha na nani hayupo, naandika. Siku moja mwalimu wa taaluma, kijana mpole, alinifuata hadi getini. “Mama,” akasema, “shikamoo. Siku ya kikao niulize chochote nitajibu. Lakini ukinihesabu mbele ya wanafunzi, kesho hawatanisikiliza.” Nilirudi nyumbani nimekasirika, na nilichukua siku mbili kukubali kwamba alikuwa sahihi. Sanduku la kikoba silipigi hodi usiku nihesabu. Nina siku yangu. Mjumbe anayeshinda shuleni anakuwa mkuu wa pili, na shule yenye wakuu wawili walimu wanajua haraka nani wa kumtumia dhidi ya mwenzake.

Na mkuu wa shule naye nilianza kumwona. Tukiwa kwenye kikao simu yake iliita mara nne: takwimu zinatakiwa wilayani leo kabla ya saa kumi, mgeni anakuja kesho, taarifa ya mdahalo, takwimu tena. Walimu wa fizikia alikuwa naye mmoja, anagawana na shule ya jirani. Mtu wa hivyo akiandika “linafanyiwa kazi” huenda hata hakumbuki tena ni kazi gani. Jedwali la mzee mwanzoni alilichukia. Baadaye akaanza kulipeleka halmashauri mwenyewe, kwa sababu kwenye safu ya “imefikia wapi” kuna mahali pameandikwa “inasubiri jibu la halmashauri tangu Februari”.

Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, watoto wakiwa nyumbani, fundi aliingia. Zilipofunguliwa tena mwishoni mwa Juni matundu yalikuwa manane.

Kuna jambo la posho, nalitaja haraka. Wajumbe walikuwa wanasaini nauli mwanzoni, na ikifika saa sita nusu ya viti ni vitupu, akidi imeondoka na bajeti bado. Tukahamishia kusaini mwishoni. Basi.

La mgongano wa maslahi lilinigusa mimi wa kwanza. Ajenda ilikuwa sare mpya za kidato cha kwanza, kama shule ipendekeze mafundi. Nilikuwa nimejiandaa kuongea, nani anajua vitambaa kunishinda? Mwenyekiti akaniambia kwa upole, “Mama, hili litakukuta nje.” Nilitoka nikakaa chini ya mwembe na hasira zangu, nasikia sauti zao bila kusikia maneno. Niliona kama nimeitwa mwizi mbele ya watu. Walipoamua mzazi ashone anapotaka, nikapoteza kazi niliyokuwa naihesabu tayari kichwani, na kwa kweli siku ile sikumsalimu mtu nikiondoka.

Kisha ikaja Oktoba 2021. Rais Samia alizindua matumizi ya ule mkopo wa IMF wa trilioni 1.3, madarasa 15,000 nchi nzima, shilingi milioni 20 kila moja, yawe tayari watoto wakiingia Januari. Kwetu yaliangukia mawili. Milioni 40 kwa fosi akaunti, yaani shule inajenga yenyewe bila mkandarasi: kamati ya ujenzi, kamati ya manunuzi, kamati ya mapokezi, mafundi wa hapahapa mtaani. Kata nzima ilikuwa inajua kwamba fundi mzuri wa bei nafuu ni mtoto wa dada yake mwenyekiti. Minong’ono ilianza kabla ya tofali la kwanza.

Ajenda ilipofika mzee hakuambiwa na mtu. Alivua miwani, akamkabidhi mwalimu mstaafu kiti, akachukua fimbo yake akaenda kukaa chini ya mwembe uleule. Aliomba iandikwe kwenye muhtasari: ametoka saa ngapi, ajenda namba ngapi, kwa sababu gani. Tulifungua nukuu za bei tatu, tukazilinganisha mstari kwa mstari, na aliyeshinda akawa yuleyule mpwa wake. Tulipomwita ndani hakuuliza nani kapata. Madarasa yaliisha wiki ya mwisho ya Desemba, mbao zake nilizigusa mwenyewe, na mtaani sikusikia neno. Nilimsalimu mzee siku hiyo kwa goti.

Mengineyo, ile ajenda ya mwisho ya kikao, ndiyo yaliyonisumbua mpaka mwisho. Kama yatokanayo ni mlango ambao mambo yanatoka bila kuonekana, mengineyo ni dirisha yanakoingilia. Saa nane mchana, watu wana njaa, soda zimeshafika mezani, ndipo mtu anasema, “Mwenyekiti, kuna kajambo kadogo.” Kajambo kadogo kamoja kalikuwa mchango wa kambi ya kidato cha nne, kila mzazi atoe, na asiyetoa mtoto wake abaki nyumbani. Watu waliokuwa wamebishana saa nzima juu ya rangi ya geti walikuwa tayari kulipitisha hilo huku wanafungua chupa. Michango ya hiari ipo na inasaidia. Ya kumrudisha mtoto nyumbani ilikatazwa tangu elimu bila ada ilipoanza, na mwanzoni mwa 2018 Rais Magufuli aliikemea hadharani. Tulisema lirudi kikao kijacho likiwa na karatasi yake na hesabu yake. Halikurudi. Tukakubaliana tangu hapo kwamba kwenye mengineyo unaweza kutoa taarifa, unaweza kutoa pole, unaweza kutangaza harusi. Jambo la pesa au la mtoto kufukuzwa halipiti hapo.

Nilijaribu pia kuomba daftari la adhabu liletwe kila kikao. Kanuni za viboko ziko wazi: visizidi vinne, aamue mkuu wa shule au aliyemruhusu, na iandikwe. Mara ya kwanza lililetwa jipya kabisa, gamba linang’aa, kurasa tatu zimejazwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja. Sote tuliliona. Hakuna aliyesema, na mimi pia nilinyamaza, kwa sababu siku hiyo nilikuwa nimeshaongea mara nne na nilihisi macho ya watu. Hilo najuta. Nililiweka kwenye jedwali kikao kilichofuata, na daftari la pili lilikuwa na miandiko sita.

Muhula wetu uliisha mwaka 2022. Mkuu wa shule alishahamishwa, mzee wa reli magoti yalimzidi. Kikao cha mwisho yatokanayo yalichukua dakika hamsini na soda zilichemka juani.

Sikuwahi kuwaambia wenzangu wa kikoba wafuatilie shule. Ila wengi wana mabinti pale, na ule mwaka wa kwanza niliwasimulia ile mistari mitano wakacheka mpaka mmoja akamwaga chai. Tangu hapo likawa swali la Alhamisi, katikati ya salio na mfuko wa jamii. Mwezi uliopita, karibu miaka minne tangu nitoke kwenye bodi, mwenyekiti wetu alitaja salio, tukaitikia. Mfuko wa jamii, tukaitikia. Akamgeukia jirani yangu, ambaye ndiye yuko kwenye bodi mpya.

“Matundu?”

“Kumi na matatu.”

“Bado matatu,” wakasema wote, na kufuli ya kwanza ikafunguliwa.